Bi Uzi Hakutia Saini

Shangazi yangu anakata tope. Watu wa mtaani kwetu husema yuko maabara, na wakisema hivyo sauti zao hushuka kidogo kwa heshima, kwa kuwa wanadhani maabara ni mahali pa darubini na makoti meupe yasiyo na doa. Koti la shangazi lina madoa. Lina rangi zote za tope lililoko chini ya ziwa: kahawia, kijivu, jeusi linalonuka kama yai viza, na ukijani fulani uliofifia ambao sabuni zote zimeshindwa nao. Maabara iliwahi kumpa koti jipya. Alilitundika nyuma ya mlango akasema hilo ni la wageni.

Kazini anaitwa Bi Uzi. Jina lilianza kama dhihaka, na nitasimulia lilivyoanza, lakini kwanza lazima nieleze bomba ni nini, maana bila hilo hasira yangu yote haitaeleweka.

Ukitaka kujua ziwa lilikuwaje zamani, unachukua bomba la plastiki lenye urefu wa mita moja, unalisukuma wima kwenye sakafu ya ziwa, unaliziba juu, unalivuta. Linakuja limejaa tope, na tope hilo halikuchanganyika. Limelala tabaka juu ya tabaka, kama shuka zilizokunjwa kabatini. Wakati wa mvua mto huleta udongo mweusi. Wakati wa kiangazi maji hutulia na kuangusha ungaunga mweupe. Jeusi moja na jeupe moja ni mwaka mmoja, na ukihesabu kutoka juu unarudi nyuma mwaka hadi mwaka, mpaka kabla hujazaliwa. Tatizo ni kwamba tope lenyewe ni laini kama uji ulioanza kuganda. Inabidi ulipasue bomba kwa urefu, lifunguke nusu mbili, uone ndani. Ukilipasua vibaya, miaka inaingiliana, na ikishaingiliana hakuna msomi wa kuitenganisha.

Shangazi aliingia pale miaka ishirini na sita iliyopita, na ufagio na ndoo. Elimu yake ilikuwa ya msingi. Wasomi wa wakati huo walikuwa wanapasua mabomba kwa kisu cha jikoni, na kila wakipasua wanapata bokoboko. Siku moja, akiwa amesimama na tambara lake akisubiri wamalize apige deki, uvumilivu ulimwishia.

“Samahani wakubwa,” akasema, “hivi mmeshaona dukani mche wa sabuni unakatwa kwa kisu? Unakatwa kwa uzi.”

Wakacheka. Mmoja akamwambia basi alete na sindano kabisa, awashonee na mashati. Hawakujua kwamba mumewe ni fundi cherehani na kwamba sindano nyumbani kwake zimejaa hadi kwenye godoro. Kesho yake alikuja na uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Akaomba bomba lililokwisha haribika, ambalo lilikuwa linasubiri kutupwa, akamwomba mwanafunzi mmoja mwembamba amshikie upande wa pili, wakauvuta uzi katikati ya tope. Likafunguka kama kitabu.

Huyo mwanafunzi mwembamba sasa ana kitambi na ndiye Mkuu wa maabara. Naomba mlikumbuke hilo.

Mimi nilifika pale mwaka juzi na shahada ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Cheo changu ni afisa utafiti msaidizi, kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni mkubwa wake. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mlangoni.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba.” Kisha akanivuta pembeni. “Shangazi yako nimemwacha nyumbani, anapembua mchele. Humu ndani mimi ni Bi Uzi, na wewe ni mtu asiyejua kukata. Tumeelewana?”

Tulielewana. Alinifundisha kupasua plastiki ya bomba kwa msumeno mdogo wa umeme, pande zote mbili, bila kuimaliza. Unaacha ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, halafu unaimalizia kwa wembe, ili chenga za plastiki zisidondokee kwenye tope. Ndipo uzi unapita, watu wawili, mmoja kila upande, na unavutwa kutoka chini kwenda juu. Haushuki kamwe. Chini ya bomba ndiko kuliko na tope la zamani, na yeye huliita wazee. La juu, la jana na juzi, huliita watoto.

“Anza kwa wazee,” alikuwa akisema, uzi ukiwa umekaza kati yetu. “Heshima kwanza.”

Lakini hata uzi, ukiuvuta kwa uangalifu kiasi gani, hukokota tope kidogo juu ya uso. Ndiyo maana baada ya uzi kuna kioo. Ni kipande chembamba cha kioo kinachotoshea kiganjani, na kazi yake ni kukwangua ule utando wa juu ili tabaka zenyewe zionekane. Siku ya tatu alinipa kioo mkononi akaenda kunywa chai.

Niliona kazi rahisi. Niliweka kioo juu kabisa ya bomba nikakishusha hadi chini kwa mkupuo mmoja, mkono umetulia, pumzi nimeibana. Uso ukang’aa. Ulikuwa laini kama ukuta wa benki. Aliporudi nilisimama kando kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

“Pazuri,” akasema.

“Ahsante, Bi Uzi.”

“Haya, hesabu miaka.”

Niliinama. Hakukuwa na jeusi wala jeupe. Kulikuwa na kahawia moja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akanipa kalamu na karatasi, akaniambia niandike kila mwaka ninaouona, nisiinuke mpaka nimemaliza. Nilikaa pale hadi saa ya chakula, na karatasi yangu ilikuwa nyeupe.

“Umewabeba watoto ukawapeleka kwa wazee,” akaniambia hatimaye. “Sasa kila mzee humo ndani ana habari za jana. Ukimwuliza zamani kulikuwaje, atakujibu nini? Kioo kinapita ubavu kwa ubavu. Unakwangua tabaka moja, unafuta kioo, unahamia tabaka la pili, unafuta. Mara mia mbili kwa bomba moja. Mgongo ukiuma, simama unyooke. Kioo usikiharakishe.” Akaangalia tena kazi yangu. “Ila kwa kupiga lipu, baba, una kipaji.”

Tangu siku hiyo jina langu pale ni Fundi Lipu. Mlinzi wa getini ananiita hivyo. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wananiita hivyo wakidhani ni jina la ukoo.

Sasa nije kwenye kiwanda.

Juu ya mji kuna kiwanda cha ngozi. Maji yake machafu yanaingia kwenye mfereji, mfereji unaingia mtoni, mto unaingia ziwani, na ziwani ndiko watu wa mtaa wa bondeni wanakoteka maji ya kunywa na ya kufulia. Ngozi hutengenezwa kwa dawa yenye kromiamu. Watu wa bondeni walianza kutokwa na vidonda mikononi ambavyo havifungi. Walilalamika miaka mingi, wakaambiwa waoge vizuri. Mwishowe iliundwa kamati, na kamati ikaitaka maabara yetu iseme jambo moja tu: kromiamu iliyoko ziwani imeanza lini.

Tulitoa mabomba tisa. Sita yalivurugika majini, mawili yalipatikana mafupi. Moja tu, la saba, lilitoka zima. Shangazi alilikata, mimi nikashika upande wa pili wa uzi. Alikwangua kwa kioo siku nzima, na hakuruhusu chuma kugusa lile tope hata kwa bahati mbaya, kwa sababu tulikuwa tunatafuta madini na chuma kingetuchafulia hesabu. Tulipopima, jibu lilikuwa wazi. Kutoka juu, tabaka za miaka thelathini na moja zilijaa kromiamu. Tabaka la thelathini na mbili halikuwa nayo, ila chembe isiyo na maana. Ukichora mchoro wake unapata ukuta. Kiwanda kilifunguliwa miaka thelathini na moja iliyopita.

Kiwanda nacho kikaleta bomba lake, na wataalamu wake, na mchoro wake. Wa kwao haukuwa ukuta, ulikuwa mteremko. Kromiamu ilikuwa nyingi juu, ikapungua polepole, lakini ilishuka hadi kwenye kina walichokadiria kuwa cha miaka sitini nyuma, kabla hata ya kiwanda kuwa wazo. Kwa hiyo, wakasema, udongo wa hapa una kromiamu ya asili. Vidonda ni vya asili. Mungu ndiye wa kulalamikiwa.

Wiki moja kabla ya kikao cha kamati Mkuu alituita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na karatasi moja na kalamu iliyokwisha funguliwa.

“Kaa, mama.”

“Nimezoea kusimama, Daktari. Sema tu.”

“Ni jambo dogo. Matokeo yetu na yao yanapingana, na sisi hatutaki vita. Tutaandika kwamba uso wa bomba la saba huenda ulivurugika wakati wa kukatwa. Unatia saini hapo chini kama fundi. Neno lenyewe ni huenda. Halikufungi.”

“Ulikuwepo nilipokata?”

“Sikuwepo.”

“Mimi nilikuwepo. Halikuvurugika.”

Mkuu akajipangusa paji la uso. Feni ilikuwa inazunguka. Wote mle ndani tulijua kwamba kiwanda kimeahidi kutujengea chumba kipya cha baridi, kwa sababu kile cha zamani hukata roho kila umeme unapoyumba.

“Mama, imebaki miezi minane ustaafu. Nataka uondoke vizuri. Nimeshaanza kuandika hotuba. Kutakuwa na cheti.”

“Hicho cheti kitasemaje? Kwamba nilikata vizuri miaka ishirini na sita, isipokuwa siku moja ambayo kiwanda kilitaka niwe nimekata vibaya?”

“Usipotia saini, mkataba wako hautasubiri miezi minane. Utaishia mwisho wa mwezi huu. Sitaki kufika huko.”

“Basi usifike,” akasema shangazi, akaifunga ile kalamu na kuiweka juu ya karatasi, wima kabisa, kama mtu anayepanga meza. Mlangoni akageuka. “Uzi wa kwanza kuushika maishani mwako nilikupa mimi. Unakumbuka mikono yako ilivyokuwa inatetemeka? Ukaniambia, usiniache, nitaharibu.”

Mkuu alikuwa anatazama dirishani.

Kwenye korido mimi nilikuwa nachemka. Nilimwambia twende kwenye magazeti, twende kwa watu wa bondeni, tubandike mchoro wetu kwenye geti la kiwanda. Nilisema mambo mengi kuhusu haki, na mengine sikuwa hata nimeyafikiria kabla ya kuyasema.

“Fundi Lipu,” akanikatisha, “moto wako wote uko mdomoni. Nenda kaangalie kama chumba cha baridi kimefungwa vizuri. Bomba likioza hata magazeti hayatatusaidia.”

Jumapili nilikwenda kwake. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa barazani na futi ya kitambaa shingoni, amezungukwa na suruali za watu. Alinisalimia kwa swali.

“Ametia saini?”

“Hajatia.”

“Mwambie wewe, wewe ni msomi.” Shangazi alikuwa mlangoni amebeba karai, akisikia yote, na mumewe alijua kwamba anasikia. “Neno moja tu, huenda. Mimi hapa nimewaambia watu wangapi huenda suruali ikawa tayari kesho? Nimekufa?”

“Hujafa,” akajibu shangazi, “ila hakuna anayekuamini. Wanakuja siku ya tatu bila hata kuuliza.”

“Lakini wanakuja.”

“Suruali ikichelewa mtu anavaa ya zamani, mume wangu. Wale wa bondeni wana maji gani ya zamani ya kunywa?”

Mzee akashona mstari mzima, akafika mwisho, akakata uzi kwa meno. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu muda mrefu kiasi cha kujua mahali ambapo mazungumzo yanafika ukingoni.

“Kwenye hicho kikao chao utavaa nini?” akauliza.

“Koti langu.”

“Lile? Watadhani umetoka kuzibua choo. Lete lile jipya nilipunguze mikono.”

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki. Watu wa bondeni walijaa nyuma na madirishani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa hakimu mstaafu, mama mmoja ambaye miwani yake ilining’inia kwa mnyororo, na alipenda kuivaa kila anapotaka mtu anyamaze. Shangazi hakuwa amealikwa. Alikaa mstari wa pili, koti jeupe limemkaa sawasawa, mkoba juu ya magoti.

Mkuu alisoma ripoti yetu. Alifika pale kwenye huenda, akalisoma haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Shangazi akainua mkono.

“Mama, kuna utaratibu,” akasema Mkuu kwa sauti ya chini.

Mwenyekiti akavaa miwani. “Huyu ni nani?”

“Ni fundi wetu, mheshimiwa.”

“Ndiye aliyekata hilo bomba linalosemwa?”

“Ndiye.”

“Na mimi saa nzima nazungumza na ambaye hakukata. Sema, mama.”

“Hiyo huenda si yangu,” akasema shangazi. “Nililetewa nitie saini, nikakataa. Tazama chini ya karatasi, mheshimiwa, mahali pa fundi ni patupu.”

Mwenyekiti akatazama. Kweli palikuwa patupu. Nyuma watu wakaanza kunong’ona, na meneja wa kiwanda, bwana mmoja mwenye tai iliyofungwa vizuri sana, akasimama.

“Kwa heshima zote,” akasema, “huyu mama aliingia maabara kama mfagiaji. Sisi tumeleta mtaalamu mwenye shahada mbili.”

“Ni kweli, nilikuwa mfagiaji,” akajibu shangazi bila kumtazama. “Ndiyo maana kitu kikifagiliwa nakijua. Mheshimiwa, naomba ile picha yao ya kwanza irudishwe ukutani.”

Mtaalamu wa kiwanda alikuwa kijana wa rika langu, na alionekana mtu mwema. Akarudisha picha. Nusu ya bomba lao ilitanda ukuta mzima, laini, inang’aa. Mimi nilipoiona ikiwa kubwa hivyo nilisogea mbele kwenye kiti. Nilikuwa nimewahi kuuona uso wa namna ile. Niliutengeneza mimi mwenyewe siku ya tatu.

Shangazi akasogea ukutani, akaweka kidole karibu na sehemu ya chini, penye kidoti cheupe.

“Hiki ni nini, mwanangu?”

“Gamba la konokono, mama. Yako mengi kwenye tope.”

“Yuko hai?”

Watu wakacheka. Kijana naye akatabasamu. “Hapana. Kwa kina alipo, alikufa kama miaka arobaini na mitano iliyopita.”

“Mbona ametembea?”

Kicheko kikakatika. Shangazi akapandisha kidole taratibu, na sote tukaona: juu ya lile gamba kulikuwa na mchirizi mwembamba, kama mkia, uliopanda wima hadi kwenye kishimo kidogo chenye umbo la gamba lilelile.

“Hapa juu ndipo alipolala,” akasema. “Kisha amekokotwa mpaka huku, miaka ishirini na zaidi kwenda chini. Kama kitu kimemkokota konokono mwenye gamba gumu, tope laini kimeliacha? Kioo chako kilitoka wapi kwenda wapi, baba?”

Kijana alimtazama meneja, halafu akaitazama picha. Niliona uso wake ukibadilika, na najua hasa alichokuwa anakiona.

“Kutoka juu kwenda chini,” akasema.

“Mara ngapi?”

“Mara moja. Nilitaka uso uwe laini kwa ajili ya picha.”

“Na tope la kupima ulichota wapi?”

“Kwenye uso.”

“Usijibu tena,” akasema meneja.

“Ameshajibu,” akasema mwenyekiti.

Shangazi akamgeukia kijana, na sauti yake ikalainika. “Usione haya. Ulibeba dawa ya juu ukaipaka chini, ndiyo maana mchoro wenu ni mteremko. Kosa hili lina watu wengi. Nina mtoto wa kaka yangu hapa, ana shahada, na kazini jina lake ni Fundi Lipu.”

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, labda kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kosa langu kumfaa mtu. “Ni mimi,” nikasema. “Nilifanya hivyohivyo, na uso ulitoka hivyohivyo. Na bomba la saba nilishika uzi. Halikuvurugika. Niko tayari kuandika hivyo na kutia saini.” Sikumtazama Mkuu.

“Bomba lenu lina nusu ya pili?” mwenyekiti akamwuliza kijana. Bomba likipasuliwa, nusu moja hutumiwa, nyingine hufungwa kwenye nailoni na kuwekwa akiba.

“Ipo,” akasema kijana, kabla mkono wa meneja haujafika begani mwake. “Haijaguswa.”

Mwenyekiti akaamua palepale. Nusu hiyo iletwe chini ya ulinzi, isafishwe na huyu mama mbele ya pande zote mbili, kisha tope lipimwe kwenye maabara ya tatu.

Iliwadia siku yenyewe. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, Mkuu aliingia chumba cha kukatia akaweka bahasha mezani, akatoka. Shangazi alinawa mikono, akaikausha, akasoma barua. Ilisema kwamba kwa kuzungumza mbele ya kamati bila idhini ya uongozi, mkataba wake unakoma mwisho wa mwezi. Ilikuwa karatasi nzito, yenye nembo ya maabara.

“Wanaandika vizuri,” akasema. Akaikunja mara mbili, akaiweka kando ya kioo.

Tulifanya kazi tangu saa tatu. Kijana wa kiwanda alikuja, akaomba kushika taa, akapewa taa. Meneja alisimama mlangoni akiziba pua. Shangazi alianza chini, kwa wazee, ubavu kwa ubavu, anakwangua, anafuta, anahamia. Kila baada ya muda kijana alikuwa anavuta pumzi, kwa sababu nyuma ya kioo miaka ilikuwa inajitokeza mmoja mmoja, jeusi, jeupe, jeusi, jeupe, iliyo mizima. Ilikuwa ileile ya bomba la saba. Kulikuwa na mwaka mmoja wa mafuriko, jeusi nene kama kidole gumba, ambao tuliutambua kama rafiki unayekutana naye njiani.

Zilibaki tabaka kama kumi kufika juu pale karatasi laini za kufutia zilipokwisha. Rola lilikuwa tupu. Nilitaka kukimbia stoo, lakini kioo kilikuwa kimejaa tope mkononi mwake na tone lilikuwa linaning’inia juu ya miaka safi. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua barua, akaikunjua.

“Shangazi,” nikasema, “hiyo ni barua yako.”

“Upande wa nyuma ni mtupu,” akasema, akafuta kioo. Akakigeuza, akafuta na upande wa pili, akakiangalia kwenye taa. “Karatasi nzuri hii. Haina vumbi.”

Nilikuwa nimemwita shangazi ndani ya chumba cha kukatia, na kwa mara ya kwanza hakunirekebisha.

Majibu ya maabara ya tatu yalirudi baada ya wiki tano. Thelathini na moja, kisha ukuta. Mfereji wa kiwanda umefungwa kwa amri ya kamati hadi kitakapojenga mtambo wa kusafisha maji. Kiwanda kimekata rufaa, na nasikia kina mtaalamu mwingine. Vidonda vya watu wa bondeni bado havijafunga.

Shangazi aliondoka mwisho wa mwezi. Hapakuwa na hotuba. Koti la madoa alilichukua, jipya akaliacha nyuma ya mlango. Sasa nalivaa mimi, na mifuko yake ya kando ina kahawia ambayo haitoki. Mkuu hajaniita ofisini hadi leo. Anapita koridoni, ananiuliza kama chumba cha baridi kinapoa, nami namjibu kwamba kinapoa.

Nusu ya akiba ya bomba la saba iko humo, rafu ya chini kabisa, imefungwa kwa nailoni tabaka mbili. Kwenye kibandiko chake mahali pa fundi pameshajazwa, majina yote matatu ya shangazi, kwa mwandiko wake mkubwa wa darasani. Anayetaka kubishana nalo milango iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi. Aje na kioo, na aanzie chini.